Majina Yaliyoitwa Mara Mbili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo moyo wangu umekataa kuisahau, hata sasa ambapo nasahau miwani yangu nimeiweka wapi. Ilikuwa alasiri ya jua kali, uani kwa shangazi yangu Feza, kule Lusangi. Nilikuwa nimefika na kitabu kipya mkobani, na jina langu limechapwa juu ya jalada. Usinicheke. Enzi za Wabelgiji, mwalimu mweusi kuona jina lake juu ya kitabu cha chuo kikuu halikuwa jambo dogo.

Nilikuwa nafundisha Kasongo wakati huo, kijana, sijaoa, nywele nimezichana njia kama karani. Profesa mmoja kutoka Ubelgiji akapita, akasikia kwamba shangazi yangu ndiye pekee aliyebaki anayejua wimbo wa matanga wa ukoo wetu. Akanipa madaftari niuandike wote, kwa Kibangubangu na kwa Kifaransa. Wimbo wenyewe ni majina tu. Mwimbaji anawaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, kuanzia aliyezikwa jana hadi yule ambaye hakuna aliye hai aliyemwona. Kila jina likiitwa, ndugu waliokaa wanamwitikia: "Iko!", yaani yupo hapa. Kisha mwimbaji anayataja majina yale yale tena, kwa mpangilio ule ule, na safari hii hakuna anayeitikia. Sababu ya mara ya pili sikuiuliza. Kijana aliyesoma huona haya kuuliza.

Nyumba ya uchapaji ya chuo kikuu kile ilikuwa na mkubwa wake, mzee mmoja aliyetuandikia maneno niliyoyapenda sana: kazi yetu ni kuhifadhi, hata wakisoma watu kumi tu, tutachapa yote. Lakini mzee akastaafu, akaja mwingine, na barua zikabadilika harufu. Sasa zilisema chuo kimechoka kulisha vitabu vinavyolala ghalani. Kitabu lazima kitafute wasomaji madukani, na ili kiuzike lazima kiwe chembamba. Katika nakala waliyonirudishia, kurasa za mwisho za wimbo, zile za mara ya pili, zilikuwa zimekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni neno moja la Kifaransa, repetisyo, yaani marudio. Mimi nilitakiwa kutia sahihi tu, kuwaambia "sawa, chapeni". Nikikataa, kitabu kingengoja, labda miaka.

Nikapanda baiskeli hadi Lusangi. Nilitaka ruhusa, lakini nilitaka zaidi kitabu.

"Shangazi," nikasema, "Wazungu wanasema pale mwisho ni kurudia tu."

Akafurahi, akapiga makofi. "Ee, wamejua! Ni ya kurudia. Pale ndiyo wanarudia kwao."

"Basi wafanye vile wanataka?"

"Wafanye muzuri, mutoto wangu. Wasiruke hata mumoja."

Hapa sitajificha, mwanangu. Nilielewa. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, nilijua kurudia ni kusema tena, na kurudia ni kwenda tena kwako. Yeye alikubali jambo moja, mimi nikachukua ruhusa ya jambo jingine. Nikatia sahihi siku ile ile, kabla dhamiri haijaamka. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliukwaza ulimi wangu makusudi.

Sasa turudi kwenye alasiri ile. Uani tulikuwa watu saba: shangazi, wanawe wawili na wake zao, jirani mmoja mzee, na mimi kwenye kiti, mgongo ukutani. Nikafungua kitabu nikaanza kuyasoma majina kwa sauti ya darasani. "Iko!" wakaitikia. Jina jingine. "Iko!" Nikanogewa. Kufikia ukurasa wa tatu kiitikio kilikuwa kimenenepa, nikadhani watoto wamerudi kutoka shambani. Nilipoinua macho niliona wale wale sita, na wawili kati yao vinywa vyao vimefumbwa. Nikaendelea kusoma, kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Nikalisoma jina la mwisho. "Iko," likaitikiwa nyuma ya kiti changu. Na nyuma ya kiti changu palikuwa na ukuta.

Nikageuza ukurasa. Palikuwa na orodha ya vitabu vingine vinavyouzwa.

"Endelea," akasema shangazi.

"Imeisha, shangazi."

"Haiyaisha. Wamesimama pale wote. Juu ya nini unanyamaza?"

Hakuna kilichoonekana, mwanangu, nisikudanganye. Lakini kuku wa shangazi, waliozoea kukatiza uwanja, walikuwa wanapita ukingoni kabisa, wakibanana na ua, kama mtu anayepita pembeni ya soko lililojaa. Wake za binamu zangu wakaleta ugali wa muhogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa, chakula cha kushibisha watu kumi na kubaki. Sinia halikunifikia. Kila mmoja aliapa amechukua tonge moja tu, na jirani yule mzee akaliangalia sinia tupu, akachukua fimbo yake, akaenda zake bila kuaga.

Shangazi akasimama kwa kushika ukuta. Akaanza kuyataja majina kwa kichwa, polepole, kama mwenye nyumba anayewasindikiza wageni mmoja mmoja hadi njiani. Safari hii nilisikiliza, na nikajua mara ya pili ni ya nini. Alipofika katikati, kuku mmoja akaingia uwanjani. Alipomaliza alikuwa ameloa jasho, akaketi chini mavumbini, yeye ambaye hakuwahi kukaa chini bila mkeka.

"Kitabu hii iko moja?" akaniuliza.

"Hapana, shangazi. Viko vingi."

"Wapi?"

"Ulaya. Bukavu. Kila penye nyumba ya vitabu."

"Na kila mutu mwenye kuisoma anawaita?"

Nikakifunga kitabu.

"Na nani atawarudisha?"

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona mapema. Niliwaandikia watu wa uchapaji nikiwaomba waongeze karatasi moja tu ndani ya kila kitabu. Wakanijibu kwa adabu kubwa kwamba majina yote yamo tayari, na kuyachapa tena hakutamwongezea msomaji kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale niliyamwaga kwa sahihi yangu mwenyewe.

Tangu hapo shangazi hakupata raha. Alikuwa akitwanga sombe, ghafla anaweka mchi chini. "Iko mutu anasoma," anasema, na anaanza kuwarudisha, jina kwa jina, hadi wa mwisho. Siku nyingine mara moja, siku nyingine mara tatu. Akakonda. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda kujifunza orodha kwa moyo, ili nimpokee mzigo. Alikufa kiangazi cha pili. Nililia, mwanangu, si kwa sababu amekufa, maana alikuwa mzee, bali kwa sababu nilimchosha hadi kaburini kwa ajili ya jalada.

Kazi ile naifanya mimi sasa. Unaniona kila alasiri nimekaa nikinong'ona, na mama yako anakuambia mzee anasali. Kuna jina moja nimeliongeza. Kitabu kile kinaanza kwa kumshukuru Feza wa Lusangi, kwa hiyo kila anayekifungua humwita yeye kabla ya wengine wote. Namrudisha wa mwisho. Nakiri huwa sina haraka.

Umeniambia umepata kazi ya kuhariri vitabu huko chuo kikuu. Nimefurahi, na nimeogopa. Uchapaji utabadilika mikononi mwako kama ulivyobadilika mikononi mwetu: leo watasema hifadhi, kesho watasema uza, keshokutwa watatafuta neno jipya. Siwalaumu, nyumba ya uchapaji nayo lazima ipate kula. Lakini kabla hujakata ukurasa, mtafute mwenye maneno. Muulize kwa neno ambalo halina mlango wa nyuma, na ukisikia jibu lina masharti, yasikilize masharti hadi mwisho. Usiite marudio kitu ambacho hujauliza ni cha nini. Na jina lako likikuwasha lionekane juu ya jalada, ahirisha sahihi hadi muwasho upite.

Mungu akupe mkono mzito wa kukata na sikio jepesi la kusikia. Akujalie wasomaji wengi, na wote wawe watu wa huruma. Na siku jina lako litakapoitwa na mtu asiyekujua, katika nchi usiyoijua, apatikane mmoja wa kukurudisha kwenu.