Inveta ya Pampu ya Pili

Huko mtaani wanasema Kuruthumu binti Sharifu alifukuzwa kiwandani kwa kuunguza mashine. Kufukuzwa ni kweli, kuunguza ni uongo mtupu! Na mimi Esha, mtunza stoo, nitawaeleza ilivyokuwa, anayekasirika na akasirike.

Kiwanda chenyewe ni cha barafu, njia ya Mbegani. Kuruthumu alikuwa fundi umeme pale miaka kumi na miwili, mwanamke peke yake. Kazi yake kubwa ilikuwa inveta, yale makabati yanayoamua mota izunguke haraka au polepole. Hewa yetu ya chumvi inayatafuna bila huruma. Mafundi wengine inveta ikizima wanakimbilia stoo kuniomba bodi mpya. Kuruthumu, aa! Atasoma kwanza kosa lililoandikwa kwenye kioo, atasugua chumvi kwa mswaki na spiriti, halafu apime mota mbali, waya mbali, inveta mbali. Nilikuwa namtania kwamba hata chapati anaipima kabla ya kuila.

Aliyefanya naye kazi ni Amiri, mtu mzima, baba wa watoto watatu. Huyu ni ndugu yake wa kunyonya. Mama yake Amiri alifariki kwa uzazi, na mama yake Kuruthumu akampa ziwa pamoja na kitindamimba wake. Kwetu huyo ni ndugu kamili, hata kuoana hamwezi. Kuruthumu ndiye aliyemwombea kazi, na ndiye aliyemfundisha.

Basi yule mama aliyewanyonyesha akafariki, Mungu amrehemu, na arobaini yake ikaangukia Alhamisi. Amiri akasema, "Nenda dada, kamsomee mama. Mmoja wetu lazima abaki na mashine." Kuruthumu alitoka getini saa moja asubuhi huku anafuta machozi. Aliniambia, "Esha, mama hayupo, huyu Amiri ndiye nyumba yangu iliyobaki."

Ijumaa asubuhi tukakuta inveta ya pampu ya pili imekufa. Pampu hizo ziko mbili, zinavuta maji ya kupoozea na zinapokezana, kwa hiyo sisi wengine hatujui ipi ilikuwa inafanya kazi saa ngapi. Amiri akasema imezima yenyewe tu. Meneja wetu, Bwana Tarcis, akaja juu.

"Inveta hii tumeisubiri miezi mitano," alisema. "Fundi Kuruthumu, nitafutie chanzo kabla ya adhuhuri. Kama kuna mkono wa mtu, mtu huyo anaondoka leo."

Kuruthumu akaingia kazini. Mota aliikuta ina unyevu lakini nzima. Waya nzima. Akapima inveta yenyewe, pale inapotolea umeme kwenda kwenye mota, akakuta njia zote tatu zimepiga shoti.

"Imepigwa mega," alisema taratibu.

Mega ni kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye mota, na kinasukuma volti elfu nzima. Kabla ya kukitumia lazima ufungue zile nyaya tatu zinazotoka kwenye inveta, la sivyo unaiua inveta palepale. Hilo ndilo somo la kwanza alilompa Amiri, mimi mwenyewe nilikuwepo.

Akanituma stoo nimletee kisanduku cha kutolea umeme mdogo, volti ishirini na nne, akaiwasha bodi ya ndani peke yake. Kioo kikawaka. Nikamshikia tochi, tukasoma. Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi: umeme unavuja kwenye mota. Saa nne na dakika kumi: imewashwa tena, shoti. Maana yake mega ilipigwa katikati ya saa hizo mbili. Saa hizo Kuruthumu alikuwa kwenye mkeka anamsomea mama yake Yasini.

"Ngoja nikachukue simu niliyoiacha getini tupige picha," nikamwambia.

"Picha ya nini? Ni Amiri huyu. Nitampa nafasi akaseme mwenyewe."

Akamwita nyuma ya makabati. Amiri alilia, jamani, machozi ya kweli! "Nilibabaika, dada. Maji yalikuwa yanapanda moto, nikasahau nyaya."

"Kosa linamtokea kila fundi," Kuruthumu akamwambia. "Nenda kaseme. Ukisema mwenyewe nitakusimamia, nitawaambia mimi ndiye niliyekuacha peke yako."

"Nakwenda sasa hivi, dada. Acha nifunge kabati kwanza."

Nasi tukaenda kunywa chai. Ukiwaza jinsi tulivyokaa pale, tunapuliza vikombe, roho zimetulia! Baada ya nusu saa tukaitwa ofisini.

"Amiri ameniambia umekiri kwake," Bwana Tarcis alisema. "Ulipima alfajiri ya Alhamisi kabla ya kuondoka, akili yako ikiwa kwenye msiba. Pole sana, lakini nilishasema."

Kuruthumu alimtazama Amiri. Yule bwana macho makavu, anatazama dirishani.

"Bwana Tarcis, saa zote zimo ndani ya inveta," alisema. "Twende ukasome."

Tukashuka wote. Akaiwasha bodi. Orodha ya makosa ilikuwa tupu, hata kosa moja hakuna, na tarehe imerudi siku inveta ilipotengenezwa. Mshenzi yule alikuwa amefuta kila kitu wakati sisi tunakunywa chai.

"Labda yamefutika ilipoungua," Amiri alisema, kwa upole kabisa.

Kuruthumu akaifungua ile orodha mara ya pili, mara ya tatu, tupu.

"Kuna mtu mwingine aliyeziona hizo saa?" Bwana Tarcis akauliza.

"Yupo," Kuruthumu akasema, na uso ukamkunjuka. "Esha alisoma pamoja na mimi."

Sasa nisikilizeni. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, na ulikuwa unaisha wiki ile. Bosi asiponiamini, angesema namfichia shoga yangu, na mimi ningetoka naye. Nina mama kitandani kule Mapinga. Yote hayo yalinipitia kichwani kwa mpigo mmoja.

"Mimi nilishika tochi tu, bosi," nikasema. "Sikusoma."

Kuruthumu hakumtazama tena Amiri. Alinitazama mimi.