Nzito na Nyepesi

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu ya hapa na pale, baridi.

Siku hiyo fundi wetu wa seva, ambaye ofisi nzima ilimwita Vipimo, alifika hospitalini saa moja kasoro dakika kumi. Alikuwa amevaa shati alilolivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya bintiye. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na tisa kampuni yetu ilimtuma kufunga mashine za watu na kuondoka. Safari hii hospitali ilimwahidi kazi ya kudumu: seva zikianza Jumatatu bila kasoro, atabaki kuzitunza hadi astaafu. Zikiyumba, kila kitu kitahamishiwa kwenye mashine za kukodi huko mbali. Kampuni nayo ilikwisha kumwambia kuwa haina kazi nyingine ya kumpa.

Seva hizo alizichagua mwenyewe, baada ya wiki mbili za kukaa kwenye mabenchi ya kila idara akitazama watu wanavyofanya kazi.

"Usajili ni siafu," alimwambia meneja wa hospitali. "Picha za eksirei ni tembo. Tembo anataka uwanja, siafu wanataka mlango."

Kwa usajili, wenye madirisha kumi na manne yanayoandika kwa pamoja kutwa nzima, aliagiza seva nyembamba yenye kumbukumbu nyingi na diski za kasi. Kwa picha, ambazo zikishawekwa hukaa tu zikisubiri daktari, aliagiza seva nene ya diski ishirini na nne, za taratibu lakini zenye nafasi tele. Ile nyembamba mtu mmoja aliweza kuibeba. Ile nene iliwataka wawili, na bado waliguna.

Jumamosi, kabla hazijaingizwa kabatini, alizibandika vipande vya utepe. Nyembamba aliiandika NZITO, kwa sababu kazi yake ndiyo nzito. Nene akaiandika NYEPESI. Mama wa hospitali anayeshughulikia programu alikuwa na maagizo mafupi: usajili uwekwe kwenye NZITO, picha kwenye NYEPESI.

Mara Vipimo akaitwa juu kwa meneja. Chini alibaki shemeji yake, kaka wa mkewe, kibarua wetu wa kupakia na kupakua, pamoja na mwenzake. Wakainua ile nene.

"Loh! Vipimo kazeeka," alisema shemeji. "Jiwe lote hili kaliita nyepesi, na kile kikaratasi ndicho kizito!"

"Msaidie bwana, asije akachekwa na watu," alijibu mwenzake.

Shemeji akabandua tepe zote mbili, akazibadilisha. Alifanya hivyo kwa mapenzi kabisa.

Huko juu Vipimo alipewa chai, akaonyeshwa barua ya ajira iliyosubiri sahihi ya mkurugenzi, kisha akapewa fomu ya makabidhiano. Mstari wa mwisho ulisema: "Nimefungua na kukagua kila mashine." Mtu huyu, ambaye alipima mlango mara mbili kabla ya kupitisha kabati, alitia sahihi bila kushuka ngazi. Furaha nayo ina upofu wake.

Jumapili yule mama wa programu aliweka kila kitu kwa kufuata utepe kama ulivyosomeka. Jumatatu madirisha yalifunguliwa saa mbili. Ilipofika saa mbili na nusu yote yalikuwa yamegoma. Foleni ilifika nje kwenye manyunyu.

"Binti, mmefunga?" bibi mmoja mwenye fimbo alimuuliza karani wa dirishani.

"Hapana bibi, mashine inafikiri."

"Basi iambie mimi nimeshamaliza kufikiri. Mguu unaniuma."

Vipimo alishuka chumba cha seva, akafungua kabati. Hakuhitaji kugusa kitu. Siafu wote walikuwa wamesukumwa uwanjani, na mlango umepewa tembo. Shemeji alikuwa pale akikusanya maboksi matupu.

"Nani kahamisha utepe?"

"Mimi, shemeji. Ulikuwa umekosea, nikakurekebishia."

Vipimo akavuta kiti na kuanza kuhamisha usajili. Kazi hiyo ilimchukua hadi saa kumi. Kutwa hiyo wauguzi waliandika kwa kalamu, na wagonjwa kadhaa walirudi makwao bila kuonwa.

Saa kumi na nusu meneja alimwita. Mimi nilikuwepo, niliwakilisha kampuni.

"Utepe ulibadilishwa na nani?" aliuliza meneja. "Nataka jina."

Mimi na Vipimo tulijua kibarua hatamaliza siku akitajwa. Nyumbani kwake kuna watoto wanne.

"Sahihi ni yangu," alisema Vipimo. "Imeandikwa nimekagua, na sikukagua."

Meneja aliirudisha ile barua kwenye droo. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Jioni shemeji alikwenda nyumbani kwa Vipimo, akasimama mlangoni, viatu vimejaa matope.

"Ungenitaja tu. Mimi kufukuzwa nimezoea."

"Ningekutaja, wangeniuliza sahihi ni ya nani. Tungekuwa wawili tumekaa hapa tunatazamana. Dada yako angetuweza?"

"Mmoja tu ananishinda," mkewe alijibu kutoka ndani.

Hakuna aliyecheka. Shemeji alikataa kuingia, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Vipimo alitoka bila kunywa chai, akaenda kwa fundi redio wa mtaa wa tatu. Akamuuliza kama ana nafasi ya mtu wa kutengeneza kompyuta.

"Nusu meza ipo," alisema fundi redio, akisogeza lundo la vifuniko. "Kiti ndicho sina."

Vipimo akarudi nyumbani kuchukua kiti.