Mkono wa Kumpa Daktari

Katuku wa Marungu alisuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, tangu utotoni, na akikaza shingo, wewe tafuta kiti ukae. Mishipa miwili ya moyo wake ilipoziba, binti yake Branice alilia. Katuku mwenyewe aliuliza atarudi kazini lini.

Hospitalini Mombasa, Daktari Hillary alimchorea moyo kwenye karatasi. Damu ingetengenezewa njia mpya za kukwepa palipoziba. Ya kwanza ingetokana na ateri ya kifuani, hiyo haikuwa na mjadala. Ya pili ndiyo iliyotaka uamuzi.

"Mama, naweza kutoa vena mguuni. Ni ndefu na kuitoa ni rahisi. Lakini vena imezoea damu inayopita polepole. Ikisukumwa na moyo inachoka, na nyingi huziba kwa miaka kumi hivi. Ateri ya mkononi imezaliwa na presha hiyo. Kwa kawaida inadumu zaidi."

"Niko na miaka hamsini na nne tu," Katuku alisema. "Maji nishayavulia nguo. Chukua ya mkono."

Daktari alibana mishipa yote miwili ya kifundo cha mkono wa kushoto hadi kiganja kikapauka, akaachia mmoja. Wekundu ukarudi upesi. Mshipa huo mmoja ungetosha kuulisha mkono. Akatoa kalamu aweke alama.

"Huo hapana!" Katuku akauvuta mkono.

"Lakini fomu umeitia sahihi kwa wa kulia, mama. Sisi tunachukua ule usioutumia sana."

Katuku aliingiwa na hofu ya kweli. Utotoni, mwalimu wa darasa la kwanza alimtandika vidole hadi akaandika kwa kulia. Nyanyake alimfunza kula na kusalimu kwa kulia, asiwaaibishe. Kusuka tu ndiko alikojifunza mwenyewe, nyuma ya jiko, kwa kushoto.

"Wa kulia ni wa kufurahisha watu," alisema. "Wa kushoto ndio unanipa ugali. Pima wa kulia, daktari. Ukikataa, basi nipe ya mguu na miaka yangu kumi."

Daktari akapima, taratibu. Wa kulia ulikubali.

Baada ya miezi miwili Katuku alirudi kanisani, kovu refu mkononi, kidole gumba cha kulia kikiwa bado na ganzi. Mchungaji Kaloki alimnyooshea mkono mlangoni. Katuku akampa wa kushoto, na wanawake nyuma yake wakaguna.

"Huu ndio wangu, mchungaji," alisema, akamkamata mkono sawasawa.