Aliyetikisika kwenye Picha

Picha hii inanuka naftali na mafuta ya taa, harufu ya sanduku la bati ambamo mama aliiweka miaka yote tuliyoishi mtaa wa Kaloleni. Mimi sikusoma sana, kwa hivyo naandika nilivyoona tu, na pale nisipokuwa na hakika nitasema. Ni picha ya nyeusi na nyeupe. Darasa letu limepangwa mbele ya ukuta wa mawe, wadogo wameketi mavumbini, warefu wamesimama juu ya madawati, na hakuna anayecheka. Jumapili iliyopita mjukuu wangu Kioko aliishika akaguna. "Shosho, mbona mmekasirika hivi? Ni kama mlikuwa mnapelekwa korti." Mwalimu wetu, alipoiona zamani zile, alisema hiyo ndiyo adabu. Siwezi kumlaumu yeyote kati yao, kwa sababu hawakusikia tuliyoyasikia. Ile ilikuwa hofu.

Wakati ule tuliogopa mumiani, watu ambao eti walinyonya damu ya watu na kwenda kuiuza. Asubuhi ya picha, tukinawa miguu kwenye mfereji, Wambua, mvulana wa darasa letu aliyejifanya kujua kila kitu, alituambia mpiga picha ni mtu wao. Anapiga picha ili wakachague mwenye damu nzuri. Nduku, rafiki yangu wa mlango wa pili, akamuuliza, "Na nikifunga macho?"

"Funga uone! Wanaofunga ndio wanaanza nao."

"Na nikikimbia?"

"Wewe tikisika tu. Kwisha maneno."

Mpiga picha alikuja na baiskeli, sanduku limefungwa nyuma. Alikuwa mpole, nadhani, maana alimfuta mtoto mmoja kamasi kwa leso yake mwenyewe. Lakini aliposimamisha kamera juu ya miguu mitatu ya mbao na kuingiza kichwa chini ya kitambaa chake cheusi, miguu yake ikachanganyika na ile ya mbao, tukaona kitu chenye miguu mitano kikitutazama kwa jicho moja. Tuliyatoa macho yetu yote. Nduku akanishika vidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa, na nilihisi anavyotetemeka hadi begani mwangu. Nilitaka kumwambia atulie, nikaogopa kufungua mdomo. Kile kitu kikalia ka! Ndiyo maana Nduku hana uso kwenye picha. Kuna gauni, kuna kola, na juu yake ni kama moshi.

Wiki iliyofuata hakuja shule. Mlango wao ulikuwa na kufuli, nami nilikuwa naupita mbio. Mama aliponiona sili, akanibana mpaka nikasema. "Mumiani gani, we mtoto? Baba yake amehamishwa kazi, wako Mombasa." Huenda ni kweli, mama hakuwa mwongo. Ila sikuwaona wakipakia vitanda. Wambua naye nisimwonee. Nikimtazama pichani, pale nyuma, macho yake ndiyo yametoka kuliko ya wote. Aliyaamini maneno yake mwenyewe.

Siku hizi watu hutafutana kwa simu. Kioko alisema ataituma picha kwenye grupu la waliokulia Kaloleni, labda Nduku apatikane. Akainua simu juu ya picha, nayo ikachora vimraba vya manjano kwenye nyuso zetu, wangu, wa Wambua, hata za wale waliokaa chini. Kwa Nduku haikuchora kitu.

"Shosho, huyu simu haimwoni," akasema, akicheka.

Mimi sikucheka. Utotoni niliogopa picha isije ikatujua. Sasa nimeogopa kwa vile haimjui. Nikamwambia aandike jina la Nduku kwa herufi kubwa, na la baba yake.

"Nitume?"

Nilivihisi tena vile vidole vya baridi. Akitokea mtu anayemjua, atasema nini? "Tuma," nikamwambia, kisha nikafunga macho, kitu ambacho siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kukifanya.