Sahihi ya Ngamia wa Kakuma

Nilikwenda Kakuma kutafuta sahihi ya ngamia. Nasema hili mapema, maana ndugu zangu wa Taita waliponipigia simu na kusikia niko njiani, walidhani serikali imenituma. Serikali haikunituma. Nilitumwa na binti yangu Neema, wa miaka minane, aliyekuwa kitandani na tetekuwanga siku darasa lake lilipopelekwa kwenye uwanja wa michezo ya watoto uliofunguliwa kwa muda mfupi kando ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kulikuwa na bembea, nyumba za kurukia zilizojazwa upepo, na watu waliovaa mavazi makubwa ya wanyama: Mamba, Mbuni na Ngamia. Wanafunzi walirudi Lodwar na fulana zilizosainiwa na Ngamia kwa kalamu ya wino mzito, kama watahiniwa wanavyosainiana mashati wakimaliza shule.

Neema hakulilia bembea. Alililia sahihi. Muhula uliopita aliwaambia wenzake kwamba kwa nyanya yake, milimani Taita, wingu huingia jikoni, na watoto wa Lodwar, ambao hawajawahi kuona wingu likishuka chini, walimpa jina la Mwongo. Jina lilikuwa limeanza kufifia. Jumatatu darasa zima lilikuwa limekubaliana kuvaa fulana zao, naye alikuwa ameshajitapa kwamba yake itakuwepo.

"Lakini iwe kama ya Akiru," aliniambia. "Ikiwa tofauti watasema umeandika wewe."

Akiru ni rafiki yake, mtoto wa jirani. Aliniletea fulana yake niione: neno Ngamia kwa herufi za kuungana, nyembamba, na juu ya herufi ya mwisho nundu moja ndogo. Kazi yangu ofisini ni kulinganisha sahihi za watu wanaokuja kudai haki zao na zile walizoweka zamani. Isipolingana, narudisha. Hiyo ya Akiru niliitazama mara moja ikatosha.

Jumamosi asubuhi niliondoka na Baba Kevo, mfanyabiashara wa mboga aliyehamia Lodwar kutoka Kitale, ambaye alikuwa anapeleka kabichi Kakuma kwa pikapu yake. Magunia ya makaa yalikuwa yamepangwa kando ya lami yakingoja wanunuzi, na kila laga, mkondo wa mto wa msimu, tuliyovuka ilikuwa mchanga mtupu.

"Mama Neema, unaenda Kakuma kufanya nini?"

"Natafuta sahihi."

"Ya nani?"

"Ya ngamia."

Mbele yetu kundi la ngamia likaingia barabarani, mchungaji wake nyuma, fimbo begani. Baba Kevo akasimamisha gari na kuteremsha kioo. "Ejok," akamsalimu mchungaji, kisha akanigeukia. "Ongea na hawa basi, tuokoe mafuta."

Kakuma tulifika jua likiwa limepanda. Baba Kevo alinishusha karibu na uwanja, akaniambia akimaliza kushusha kabichi tunageuza, kwa sababu hapendi kuendesha giza likiingia. Foleni ya Ngamia ilikuwa ndefu kuliko zote. Akina mama walikuwa wanaongea Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Kongo, na kila mmoja alikuwa na nguo mkononi: shati la shule, kitenge, hata soksi. Ngamia mwenyewe alikuwa mrefu, wa manyoya ya kahawia, na macho ya plastiki yaliyotazama mbinguni. Hasemi. Hucheza kidogo, hukumbatia mtoto, husaini, huita mwingine kwa mkono.

Mtoto aliyenitangulia alisainiwa mgongoni. Niliangalia. Herufi zilikuwa nene, zimesimama moja moja, na nundu hakuna.

Nikarudisha fulana ya Neema mkobani.

"Hii si sahihi yako," nikamwambia Ngamia.

Ngamia alifungua mikono. Foleni ikaanza kunung'unika. Msichana mrefu mwenye aproni ya kijani, aliyekuwa akimwongoza, akanisogelea. Jina lake Achol, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, amekulia hapo hapo kambini. Nilimweleza shida yangu, akanivuta nyuma ya hema.

"Ngamia ni watu wawili, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Asubuhi mimi naingia. Jua ikipanda, Bahati anaingia. Ndani ni moto sana, mtu moja hawezi kumaliza siku."

"Na watoto wa shule ya Lodwar?"

"Hao nilisaini mimi."

"Basi nisainie na hii."

Akatikisa kichwa. "Saa hii mimi si Ngamia. Mtoto akiniona naandika hiyo jina, ngamia yake imekufa."

"Ingia tena kidogo tu."

Alinionyesha fulana yake mwenyewe, imelowa jasho mpaka kiunoni. "Jana niliongeza muda, nikaanguka. Leo siwezi."

Niliona hasira, nikaona na aibu ya kumkasirikia msichana aliyechoka. Nikamwambia basi, apumzike. Nikamweleza pia habari ya jina alilopewa Neema, si kwa kumbembeleza, ila kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuongea.

Achol alisikiliza, akachukua fulana. Aliingiza kipande cha boksi ndani yake ili wino usipenye upande wa pili, akanirudisha mbele ya foleni. Alisimama nyuma ya Bahati, akaweka mkono wake juu ya glovu ya Ngamia, kama mwalimu wa chekechea anavyomshika mtoto kalamu, nao wakaandika pamoja. Watoto hawakushangaa. Labda walidhani ngamia naye anafundishwa kuandika.

"Ukifika piga pasi kwa nyuma," Achol aliniambia. "Wino itashika."

Njiani kurudi niliikunjua fulana mapajani. Herufi ya kwanza ilikuwa ya Achol. Katikati mkono mzito wa Bahati uliburuta mstari chini. Nundu ilikuwepo, imelala upande. Ofisini kwangu hii ningeirudisha bila kuinua macho.

"Umepata?" Baba Kevo aliuliza.

"Nimepata. Haifanani."

"Sasa mtoto utamwambia nini?"

Hilo ndilo lililonikaa rohoni njia nzima. Nikimweleza ukweli wote, nimemuua Ngamia. Nikimdanganya, lile jina la Mwongo litakuwa na haki ya kumshika.

Jioni, Lodwar, Neema aliitandaza fulana kitandani akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama, ulimwona akisaini?"

"Nilimwona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi ni yake," akasema, akaenda kutafuta pasi.

Jumatatu nilifanya kazi vibaya. Nilipofika nyumbani nilimkuta mlangoni, fulana bado mwilini.

"Walilinganisha?"

"Walilinganisha. Akiru akasema haifanani."

"Ukasema nini?"

"Nikasema mama yangu alimwona Ngamia akiandika. Halafu Akiru akasema, kama mama yako amekubali, basi ni ya kweli. Bibi yake alimwambia wewe hukubali sahihi ovyo. Hata ya huyo bibi ulikataa."

Siku hiyo hakuna aliyemwita lile jina. Nilifurahi. Mimi niliyezoea kudhani karatasi mbili zikilingana zinatosha, nilijifunza safarini kwamba mkono huchoka, hushikwa na joto, huzeeka, na anayejua ni yule aliyekuwepo ukiandika.

Bibi yake Akiru nilikuwa nimemrudisha mara mbili kwa sababu sahihi yake haikulingana na ya zamani. Nilimtuma Neema kwa jirani amwambie bibi aje ofisini kesho, tena aje na mtu aliyewahi kumwona akiandika.