Tumbili Tuliyemlea Hombolo

Mume wangu alimleta nyumbani ndani ya kofia yake. Mbwa walikuwa wamemuua mama yake kwenye shamba letu la zabibu, na yule mtoto alikutwa bado ameng'ang'ania kifua cha maiti. Nilisema tumpeleke kwa maofisa wa wanyamapori. Mume wangu akasema apate nguvu kwanza. Nguvu alipata, kupelekwa hakupelekwa.

Mwanzoni alikuwa mtoto kweli. Alinyonya maziwa ya mbuzi kwa chupa, akalala shingoni mwa mume wangu. Alipokua alianza kufunua masufuria, kumwaga unga, kunya kitandani. Nilifua mashuka kila siku mpaka nikachoka hata kukasirika. Tukamfunga kamba kiunoni, nje, kwenye mwarobaini. Kamba ikamchubua. Alizunguka mti mpaka kamba ikaisha, kisha akakaa pale pale aking'oa manyoya ya mkono wake mwenyewe.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Bahi. Alipoinama kumpa ndizi, tumbili akamng'ata mkono hadi mfupa ukaonekana. Hospitali walimsafisha kidonda na kumwanzishia sindano za kichaa cha mbwa. Vidole viwili havikunyooka tena. Nilimwogesha na kumlisha kwa muda mrefu, naye hakulalamika hata mara moja. Siku ile ile ya kung'atwa, mume wangu alipotaka kumpiga yule mnyama, mama yake alimzuia.

"Mwanangu, huyu hana kosa. Anataka wenzake, na wewe si mwenzake."

Kesho yake mume wangu alikwenda mwenyewe kutoa taarifa. Ofisa aliyekuja, mama wa makamo, alitueleza kwamba sheria hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na kwamba kumwachia tu porini ni kumuua, maana kundi lisilomjua lingemrarua. Wangempeleka kwenye kituo chao cha kutunza wanyama, wajaribu kumzoesha kwa tumbili wengine taratibu. Hakuahidi kitu. Tumbili alipoingizwa kwenye kizimba alinyoosha mkono kuelekea kwa mume wangu, lakini mume wangu akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango.

Miezi kadhaa baadaye mume wangu alipiga simu kituoni. Walimwambia wenzake wamemkataa, anakaa peke yake.

"Anakula?" aliuliza.

Wakasema anakula. Akashukuru, akaweka simu mezani. Mimi nikaendelea kuchambua mchele.