Cheti Nilichokichagua kwa Hasira

Nilipomaliza chuo nilirudi kwa mama, mtaa wa Mafiga, na stashahada ya kompyuta na miguu isiyotulia. Naamka, nafungua kompyuta, natazama video ya mtu anayeeleza jinsi ya kugawa mtandao vipande vipande, naikatisha kabla ya nusu, nafungua nyingine. Waajiri wote walitaka uwe na cheti cha mitandao ya kompyuta juu ya kile cha chuo, na kwa wanaoanza vilitajwa viwili. Nguvu zangu zilitosha kimoja tu.

Cha kwanza kilitolewa na kampuni inayotengeneza rauta, zile mashine za kuelekeza mtandao. Kigumu, kina jina, na ili ukiweze lazima uzishike rauta zenyewe kwa mikono. Kituo cha mafunzo kilikuwa Dar, na kingemeza masika yote. Cha pili hakikufungamana na kampuni yoyote: misingi, kebo, namna ya kusaka tatizo. Hicho ningekisomea chumbani kwangu huku napiga miayo.

Rafiki yangu niliyesoma naye alinipigia kutoka Dar, akanicheka.

“Oya, achana na hicho kidogo. Huku mjini ukikitaja wanakuangalia tu. Njoo tukomae na kile cha rauta.”

Yeye alikuwa anaongea hivyo kwa sababu hakuwa na shamba.

Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli juu ya mashamba ya ukoo, na mimi alinionyesha kipande changu nikiwa bado shule ya msingi, mlimani juu ya Mkuyuni, chenye migomba mizee na udongo mweusi. Mama alinilimia miaka yote ya masomo, mpaka goti lake lilipoukataa mlima. Na shamba la ukoo halilali. Ukiliacha msimu, anapewa ndugu mwingine, na hakuna atakayekuomba radhi. Kwa hiyo cheti cha Dar kilikuwa na maana ya kulipoteza, na kile kidogo kilikuwa na maana ya kubaki nalo.

Nililitaka lile shamba. Sikuwa mkulima hodari, jembe lenyewe linanitoa malengelenge. Ila nilikuwa nimechoka kujieleza kwa watu wasionijua, na pale mlimani nilikuwa na mahali pangu bila kufanyiwa usaili.

Wiki zikapita nikizunguka. Asubuhi cheti kikubwa, jioni kidogo. Nikila nabishana na sahani. Mama akachoka na mimi.

“Njia mbili zilimshinda fisi, mwanangu,” alisema. “Na yeye angalau alijaribu kutembea. Wewe umekaa tu.”

Mwishowe nikachagua kile kidogo. Nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Kabla ya kujiandikisha ilibidi nimwambie mjomba kwamba masika nitakuwepo, nitalima mwenyewe. Jambo la shamba halisemwi kwenye simu katika ukoo wetu; unapanda mlima, unakaa, unasema. Nikapanda.

Nilimkuta uani kwake anaosha tangawizi.

“Tumsifu Yesu Kristo, mjomba.”

“Milele amina.”

“Shikamoo.”

“Marahaba, mama,” akajibu, kama anavyoniita tangu utotoni. “Karibu, karibu.”

Alinipa kigoda na ndizi za kuchemsha. Nilikula mbili kwa heshima, kisha nikamweleza. Akacheka kwa furaha, mikono ikichuruzika maji.

“Ulime nini tena? Kile nimeshampa dada yako.” Alimaanisha binti wa mama yangu mkubwa. “Yule ana watoto na shule hakupata. Wewe umesoma! Nimewaambia hata watu wa jumuiya, huyu wetu jembe amelitua.”

“Mbona hukuniambia, mjomba?”

Akashangaa kweli. “Nikuambie shamba kwenye simu? Nilikuwa nakusubiri upande.”

Kilichoniumiza ni kwamba alikuwa anajivuna kwa ajili yangu. Angekuwa amenionea ningepata cha kujibu. Nilitaka kulia, nilitaka kupiga teke lile beseni la tangawizi. Mjomba hapigiwi kelele, basi nikasema asante na kuaga.

Njia ya kushukia inapita ukingoni mwa kile kipande. Dada alikuwa pale, amekwisha kusafisha, magugu kayapanga kwa mistari, migomba mizee kaipunguza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Aliponiona akaacha jembe, akaja mbio akifuta mikono kwenye kanga.

“Karibu, mdogo wangu, karibu! Keti kivulini nikukatie ndizi uende nazo.”

Nilikaa. Nilipokea ndizi kwa mikono miwili na kumshukuru.

Mkuyuni nikatoa simu, na huku nasubiri usafiri nikajiandikisha kwenye mafunzo ya Dar. Sikusoma masharti. Kwa hasira nikakosea jina langu mwenyewe, nikarudia.

Jioni mama aliniuliza nimeamua nini. Nikamwambia naenda Dar, kile cha rauta.

“Na shamba?”

“Dada yuko pale,” nikasema. “Amenikaribisha vizuri sana.”

Mama alizitazama zile ndizi, akazichukua, akaanza kuzimenya.